Kujitegemea kwa Kompyuta Kuukuu: Kutoka Hazina hadi Maji ya Chai

Maji ya Chai ni kata iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River. Jina linatokana na mto ambao maji yake yana rangi ya kahawia, kama chai ya rangi kweli. Ni nchi ya migomba, kahawa, mahindi na ng'ombe wa zizini wanaokatiwa majani kila asubuhi. Mtu akikuambia anataka kuandika historia ya kompyuta Tanzania, hutamleta huku. Utamwambia aende Dar es Salaam, zilikokuwa wizara na kilipo chuo kikuu. Mimi nasema akimaliza huko aje na huku, maana swali lililoanzia wizarani jibu lake moja liko kijijini.

Tuanze mbali kidogo. Ulaya na Marekani wapo watu wazima, wengi tu, ambao jioni hukaa mbele ya Commodore 64 au ZX Spectrum, mashine za mwaka 1982, wakaandika programu kwa raha zao. Hakuna anayewalipa. Wanarudi utotoni, kwa sababu mashine hizo zilikuwa sebuleni kwao walipokuwa wadogo. Sisi utoto huo hatukuwa nao, na haikuwa kwa bahati mbaya.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi yake ilikuwa hesabu za serikali, na hesabu zenyewe zikawa matatizo matupu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo ni rahisi kucheka. Lakini jiweke kwenye viatu vya afisa wa wakati ule: fedha za kigeni ni haba, mashine ni ya kukodi au kununua ng'ambo, fundi anatoka ng'ambo, spea zinatoka ng'ambo, na ikigoma wewe huna la kufanya. Miaka saba tu imepita tangu Azimio la Arusha la 1967, lililotuambia tujitegemee. Kwa hesabu hiyo, mashine usiyoweza kuifungua wala kuiamuru ni bwana mpya.

Basi, miaka ile watoto wa London walipokuwa wanajifunza kuandika programu nyumbani, huku kompyuta iliingia kwa kibali. Marufuku yalilegea taratibu katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 mlango ukafunguka. Hata televisheni, Tanzania Bara tulianza kuwa nayo mwaka 1994. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 mjini Arusha kulikuwa na Arusha Node Marie, mtandao mdogo wa barua pepe. Ujumbe ulikusanywa kwenye kompyuta, kisha mashine zikapigiana simu kwa modemu na kubadilishana mafurushi ya barua. Kwa kazi hiyo hukuhitaji mashine ya kisasa, ulihitaji mtu anayejua mashine yake inafanya nini.

Na zilizofika vijijini hazikuwa za kisasa. Zilikuwa zimeshachosha ofisi za watu: Pentium zenye vioo vizito kama televisheni, zenye Windows 95 au 98, zilizotolewa msaada kwa shule au kuuzwa mitumba mjini. Kwa wenzetu kompyuta kuukuu ni kumbukumbu. Kwetu ilikuwa ndiyo kompyuta yenyewe, hakuna nyingine.

Sasa angalia inavyoishi kijijini. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye feni. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, pawasapulai inaungua. RAM ikigoma, unaichomoa, unasugua miguu yake ya shaba kwa raba ya shuleni, unairudisha, inawaka. Mwenye nayo ameshakata majani, ameshakamua, ameshasubiri zamu yake ya maji ya mfereji. Jumatano au Jumamosi ameshaenda soko la Tengeru. Kompyuta ni ya usiku, watoto wakishalala. Ni hobi, lakini inafanywa kwa mikono ileile iliyokaza nati za mashine ya kusaga.

Kuna jambo dogo linalonichekesha kila nikilifikiria. Betri ndogo ya ubao wa kompyuta ikifa, mashine nyingi za DOS husahau tarehe na huamka zikidhani ni tarehe 1 Januari 1980. Yaani inaamka katika mwaka ambao hapa kwetu isingepita forodhani bila kibali!

Ndani ya mashine hizo kulikuwa na zawadi ambayo wengi hawakuiona. DOS toleo la 5, la mwaka 1991, ilikuja na QBasic, na kwenye CD za Windows 95 na 98 ilikuwemo pia. QBasic ni mtoto wa BASIC, lugha iliyotungwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wasio wanasayansi. Haihitaji intaneti wala leseni. Unahitaji maneno machache ya Kiingereza, hayafiki kumi kwa kuanzia. Majina mengine yote unaweka ya kwako.

Chukua mfano wa hapahapa. Maji ya Chai yanajulikana kwa floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi inapindisha mifupa ya watoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huchoka, na swali la kila nyumba ni hili: ubadilishwe lini? Tuseme kisima chako kina miligramu 9 kwa lita na unataka zishuke hadi 1.5. Kila lita inaacha 7.5 kwenye mkaa. Mkichuja ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ni miligramu 150. Tuseme mkaa ni kilo 10 na kila gramu inabeba 3, jumla 30,000. Programu yake ni hii:

INPUT "Floraidi ya kisima", kisima
INPUT "Lita kwa siku"; lita
mzigo = (kisima - 1.5) * lita
PRINT "Badilisha mkaa baada ya siku"; 30000 / mzigo

Jibu ni siku 200. Utasema hata kalamu inatosha. Ni kweli, kwa nyumba moja. Lakini kisima cha jirani kina kipimo chake, na nyumba yake ina watu wake. Zaidi ya hapo, aliyeandika mistari minne hii ameielewa kanuni yenyewe. Hawezi kuiandika bila kuielewa. Kipimo cha kisima kikibadilika anajua pa kugusa, na mashine inamtii.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la mwaka 1974. Hofu ya serikali haikuwa ya kijinga. Mashine usiyoielewa kweli inakutawala. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kujitegemea ni kuikataa, wakati njia nyingine ilikuwepo: kuifungua kifuniko na kujifunza kuiamuru. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, njia hiyohiyo ilifuatwa.

Leo simu ziko kila mfuko, hata kwa mchunga mbuzi, na ni nzuri. Ila simu haikukaribishi ndani. Inakupa vitufe vya watu wengine ubonyeze. Kompyuta kuukuu inawaka kwenye skrini nyeusi, mshale unapepesa, inasubiri wewe useme. Kabla hatujaiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tumwachie mtoto mmoja aikalie usiku mmoja.