Kichwa cha Pini na Waliokihangaikia

Fundi cherehani akibana upindo wa gauni, huchomoa pini moja baada ya nyingine bila kuzihesabu. Katika karne ya 18 pini hiyohiyo ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye nguo.

Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, alianza kitabu chake cha mwaka 1776 kwa mfano wa karakana ya pini. Mmoja alivuta waya, mwingine aliunyoosha, wa tatu aliukata, wa nne alichonga ncha. Kazi nzima iligawanywa katika hatua kama 18. Watu 10, Smith alieleza, waliweza kutengeneza zaidi ya pini 48,000 kwa siku, ilhali mtu asiyefundishwa, akiwa peke yake, asingefikisha 20.

Tatizo kubwa lilikuwa kichwa. Waya mwembamba ulizungushwa, ukakatwa vipande vidogo, kisha kila kipande kikapigwa nyundo kwenye shina la pini. Kilipolegea kiliteleza na kudondoka, na pini ikapenya moja kwa moja kwenye kitambaa.

Mwaka 1824 Mmarekani Lemuel Wright alipata hataza nchini Uingereza kwa mashine iliyofua kichwa kutokana na waya uleule wa pini, kisianguke tena. Miaka 8 baadaye John Ireland Howe, daktari aliyewahi kuwaona maskini wa New York wakitengeneza pini kwa mikono katika nyumba ya kuwatunza, naye akapata hataza Marekani kwa mashine yake. Kazi ya vidole vingi ikaanza kuhamia kwenye chuma.

Pini ya kufunga ina historia yake. Warumi walifunga mavazi yao kwa bizimu zenye springi, lakini ile tunayoijua leo ni ya fundi wa New York, Walter Hunt. Hataza yake ni ya tarehe 10 Aprili 1849: waya mmoja, uliokunjwa kuwa springi upande mmoja na kishikizo cha kuzuia ncha upande wa pili. Haki hiyo aliiuza kwa dola 400. Hadi leo pini hiyo hufunga nepi za vitambaa na hijabu, kwa kuwa ncha yake imefunikwa.

Kwa anayeshona, kichwa bado ndicho cha kuangaliwa kwanza wakati wa kununua. Kichwa cha kioo hustahimili pasi ya moto. Cha plastiki huyeyuka na kuacha doa. Kwa hariri hutafutwa pini nyembamba, maana nene huacha tundu linaloonekana. Na pini za chuma cha pua zikimwagika sakafuni, sumaku huenda isizivute zote. Za chuma cha kawaida huokotwa nayo mara moja.