Koni ya VLC ilitoka wapi?

Ingia katika nyumba yoyote ya fotokopi mjini Goma ao Bukavu, pale vijana wanapojaziwa nyimbo na filamu kwenye flashi. Katika kompyuta utaona koni ndogo ya rangi ya machungwa, kama zile za barabarani. Ni VLC. Wakaaji wengi wanaitumia kila siku pasipo kujua ilikotoka.

Ilianza Ufaransa mwaka 1996. Wanafunzi wa École Centrale Paris walichoka na mtandao wa kompyuta wa mabweni yao, uliokuwa wa polepole. Walitaka mpya, na tuseme ukweli, michezo ya kompyuta ilikuwa sababu mojawapo. Wakabuni kazi ambayo mtandao wa zamani usingeiweza: kupokea televisheni kwa satelaiti na kuirusha mpaka vyumbani. Programu ya kuonyesha picha hizo ndiyo mama wa VLC. Koni nazo walikuwa wakiziokota na kuzirundika kwao.

Tarehe 1 Februari 2001 ndiyo iliyobadili mambo. Siku hiyo shule ilikubali programu itolewe kwa leseni ya GPL, iliyoandikwa mwaka 1989 na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo inampa kila mtu ruhusa ya kutumia programu apendavyo, kusoma maandishi yake ya ndani, kuyabadili na kuwagawia wengine. Sharti ni kwamba ukigawa uliyoibadili, anayepokea apate haki zilezile. Ndiyo maana ya programu huria.

Hapa wengi wanachanganya. Programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli, ile inayozunguka kwenye flashi, ni ya bure lakini si huria. Hakuna anayejua aliyeivunja aliingiza nini ndani, na mara nyingi virusi vinaingia kwa mlango huo. VLC, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifungua na kuichunguza.

Uhuru huo ulifika mpaka Kivu. Mwanzoni mwa 2008, Wakenya walitengeneza Ushahidi, programu ya kuonyesha kwenye ramani habari za machafuko zilizotumwa na raia. Kabla ya mwaka huo kwisha, ilitumiwa kukusanya habari za vita mashariki mwa Congo. Baadaye maandishi yake yaliachwa wazi, na watu wa inchi nyingine wakaichukua.

Je, zinapatikana wapi? Kwa watengenezaji wenyewe: VLC iko videolan.org, na LibreOffice, ya kuandika barua na kupiga hesabu, iko libreoffice.org. Audacity, ambayo redio nyingi zinaitumia kukata sauti, iko audacityteam.org. Maandishi ya ndani ya programu nyingi yamewekwa GitHub. Kurasa za matangazo zinazojifanya ndizo zenye programu hizo ziepukwe.

Kwa kuwa intaneti ni ghali, inatosha mtu mmoja apakue, wengine kumi wanakili kutoka kwake. Mwenye nyumba ya fotokopi akiomba franka kidogo kwa umeme na muda wake, leseni haimkatazi. Lakini hawezi kumzuia mteja kwenda kumjazia jirani bila malipo.