Kutunza hati za mizigo: Je, kuna haja ya kununua diski mpya?

Msafirishaji wa mizigo kati ya Jinja na Mbale, anayevuka pia mpaka Malaba au Busia, hukusanya karatasi nyingi: ankara, tamko la forodha, risiti na hati ya kupokelea mzigo. Wengi huzipitisha kwenye skana na kuziweka katika flashi moja. Flashi hiyo ikijaa au ikianza kusumbua, huuliza kama wanunue nyingine, na ya aina gani.

Muda wa kutunza hati

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu afisa wa forodha kudai hati za bidhaa ndani ya miaka 5 tangu zilipoingizwa au kutolewa nchini. Sheria ya taratibu za kodi ya Uganda nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5 baada ya kipindi cha kodi kwisha. Asiye na hati hana cha kujitetea nacho.

Ukubwa unaohitajika

Tuchukue mfano wa mwenye malori mawili yanayofanya safari 200 kwa mwaka, kila safari kurasa 20. Ukurasa uliopitishwa kwenye skana kwa rangi nyeusi na nyeupe huweza kuchukua KB 300. Hiyo ni MB 6 kwa safari, GB 1.2 kwa mwaka na GB 6 kwa miaka 5. Flashi ya GB 16 inatosha.

Anayepiga picha kwa simu anahitaji nafasi kubwa zaidi. Picha ikiwa MB 3, hesabu hiyo hiyo hufika GB 60. Flashi ya GB 64 itakaribia kujaa, kwa kuwa kompyuta huionyesha kuwa na kama GB 59 tu. Achukue ya GB 128.

Flashi au diski ya nje

Diski ya nje ya kawaida ina sahani inayozunguka ndani, hivyo mtikisiko wa lori au kuanguka mezani huweza kuiua. Inafaa kukaa ofisini. Flashi huvumilia safari, ila hupotea kirahisi na hubeba virusi kutoka kompyuta za kukodi. Diski ya aina ya SSD haina kinachozunguka, lakini bei yake iko juu, na kwa hati peke yake si lazima.

Kabla ya kuiamini

Sokoni kuna flashi bandia. Huandikwa GB 512 kumbe uwezo wake wa kweli ni mdogo sana. Hupokea faili bila kulalamika, kisha faili hizo hazifunguki. Mnunuzi adai risiti na haki ya kurudisha, halafu aipime kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza na kusoma tena kilichoandikwa. Kazi hiyo ifanywe flashi ikiwa tupu.

Nakala ya pili

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu zaidi ya 20 wakafariki, na nyumba na maduka yakaingiwa na maji. Siku kama hiyo karatasi na diski iliyo kando yake huondoka pamoja. Mwenye ofisi Mbale aweke nakala moja huko na nyingine Jinja, na wa Jinja afanye vivyo hivyo. Nakala ya tatu yaweza kukaa mtandaoni: akaunti ya bure ya Google hutoa GB 15, ingawa barua pepe na picha zake hula nafasi hiyo hiyo.

Uamuzi

Flashi ikiwa bado nzima na ina nafasi, asiitupe, bali anunue ya pili ndogo iwe nakala. Ikiwa hukatika katika kunakili, hudai kufomatiwa au faili hazifunguki, aokoe kilichomo siku hiyo hiyo na kuiacha. Fedha ya diski moja kubwa ni afadhali inunue flashi mbili za wastani, zikae miji miwili. Zinakiliwe upya kila mwisho wa wiki, na karatasi za asili zisitupwe.