Lenzi za kale hazikufa, zilifungiwa mlango

Ndugu wasikilizaji, wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo makampuni ya kamera hayakuusikia, au yaliusikia yakaupuuza. Kwa miaka mingi wapiga picha waliambiwa kwamba lenzi za kuzungusha kwa mkono zimepitwa na wakati. Leo vijana wanazitafuta kwenye mitumba, wanazifunga kwenye kamera mpya za dijitali, na picha zinatoka safi. Juma hili nataka tuulizane: zilikufaje, na nani amezifufua? Swali hilo linamhusu kila anayenunua chombo kwa jasho lake.

Tuanzie Ujerumani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Carl Zeiss ya mjini Jena iliuza lenzi iitwayo Biotar ya milimita 58, iliyotokana na kazi ya mtaalamu wake Willy Merté. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Jena iliangukia katika eneo la Wasovieti. Mwaka 1946 mashine za kiwanda hicho ziling'olewa, na wataalamu wake wengi wakasafirishwa hadi Urusi. Ubunifu wa Biotar nao ulihama. Kutokana nao ilizaliwa Helios-44, lenzi iliyouzwa pamoja na kamera za Zenit kutoka Krasnogorsk, karibu na Moscow. Zilitengenezwa kwa mamilioni.

Wakati huo huo, kamera ya Contax S iliyotoka Dresden mwaka 1949 ilikuwa na mdomo wa skrubu wenye kipenyo cha milimita 42. Skrubu hiyo ilienea. Praktica ya Ujerumani Mashariki iliitumia, Pentax ya Japani iliitumia, na baadaye Zenit nayo. Hebu fikiri, msikilizaji. Katika miaka ambayo Mashariki na Magharibi walikuwa wakitishiana kwa makombora, lenzi ya Mrusi iliingia kwenye kamera ya Mjapani bila ugomvi wowote.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera ya 7000, ambayo mota yake ilizungusha lenzi yenyewe hadi picha iwe wazi. Mdomo wake ulikuwa mpya, na lenzi za zamani za Minolta hazikuingia. Mwaka 1987 Canon nayo ikatoa kamera za EOS na kuziacha lenzi zake za FD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971. Aliyekuwa amejinyima miaka kumi kununua lenzi tatu au nne aliamka asubuhi akakuta zimekuwa yatima.

Je, hakuna fundi aliyeweza kuunganisha? Hapa pana hesabu ndogo. Kila lenzi hutengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Lenzi ya FD hutaka milimita 42, lakini kamera ya EOS huiweka lenzi umbali wa milimita 44. Tofauti ni milimita mbili tu, nazo zinatosha kuharibu kila kitu. Ua lililo karibu utalipiga, lakini mlima ulio mbali utatoka kama umefunikwa na moshi. Na umbali huo usingeweza kupunguzwa, maana nyuma ya lenzi palikaa kile kioo kinachoruka juu kila unapobonyeza.

Nisiwaonee. Mdomo mpya wa Canon ulikuwa mpana, na mawasiliano yake yote yalikuwa ya umeme. Mpiga picha wa habari anayemkimbiza mwanariadha alinufaika sana. Lakini faida ile ililipiwa na mteja wa jana.

Ukombozi ulikuja pale kioo kilipoondolewa. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya G1 isiyo na kioo. Mwaka 2010 Sony ikaleta NEX, na mwaka 2013 ikaleta A7, ambayo sehemu yake ya kupokea mwanga ina ukubwa ule ule wa filamu, milimita 24 kwa 36. Mwaka 2018 Nikon na Canon wakafuata. Kwenye kamera hizo za Sony lenzi hukaa milimita 18 tu kutoka mahali picha inapoangukia. Skrubu ile ya Dresden inataka milimita 45 na nusu hivi. Nafasi inayobaki, kama milimita 27 na nusu, huzibwa na kipande cha bomba kisicho na kioo chochote ndani. Hicho ndicho adapta.

Kazi inayobaki ni ya mikono. Unairuhusu kamera kupiga hata kama haitambui lenzi. Unachagua ukubwa wa tundu la mwanga kwa pete, unaikuza picha kwenye skrini, kisha unazungusha taratibu hadi kope za macho zihesabike. Kama kamera ina kituliza mtikisiko, iambie lenzi ni ya milimita ngapi.

Kasoro zipo. Lenzi nyingi za kale hufifia jua likizipiga usoni, na pembe za picha huweza kulegea. Kwetu pwani adui ni unyevu: kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Kabla hujatoa fedha, mulika lenzi kwa tochi, uangalie kutoka pande zote mbili.

Lakini somo langu kwenu ni hili. Lenzi hizi zimefufuka kwa sababu ni chuma na kioo tu. Hazimwombi mtengenezaji ruhusa ya kufanya kazi. Lenzi ya leo ina mota na ubongo wa elektroniki, na vikifa hivyo, hata pete yake mara nyingi haina inachozungusha. Basi tunaponunua simu, gari au mashine ya kusaga, tuulize pia swali hili: mwenye kiwanda akikiacha chombo hiki kesho, mimi nitaweza kuendelea nacho? Kama jibu ni hapana, tujue tumekodi, hatujanunua.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.