Fedha za dharura za elimu Marekani zilivyosimamiwa

Hazina ya Gavana ya Msaada wa Dharura wa Elimu iliundwa na Bunge la Marekani mnamo Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga shule. Takriban dola bilioni 3 zilitengwa, na kila gavana akapewa hiari ya kuamua zitakakoelekezwa. Usimamizi ulikuwa wa ngazi mbili: serikali ya jimbo ilifuatilia matumizi, nayo Wizara ya Elimu ikalikagua jimbo kupitia ofisi yake huru ya ukaguzi.

Udhaifu wa ngazi ya kwanza ulidhihirika jimboni Oklahoma. Familia maskini zilipewa dola 1,500 kila moja za kuwanunulia watoto vifaa vya masomo. Mwanakandarasi aliyeshughulikia malipo alikuwa na njia ya kuzuia bidhaa zisizostahili, lakini jimbo halikuitumia. Ripoti ya ukaguzi ya Julai 2022 ilibaini kuwa dola 652,720 zilitumika kununulia vitu visivyohusu elimu, zikiwamo runinga na hata miti ya Krismasi. Wakaguzi walipendekeza fedha hizo zirejeshwe.

Ukaguzi hufichua hasara iliyokwisha kutokea. Kinachomfikishia mtoto daftari ni udhibiti unaotangulia malipo.