Muhogo nyuma ya nyumba: jinsi Wakongomani walivyoizoea Nyarugusu

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1996, familia nyingi za Uvira na Fizi zilivuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma zikiwa na sufuria, bidoni moja au mbili, mtoto mgongoni na ufunguo wa nyumba. Mbegu hakuna. Nani abebe mbegu kwa safari ya wiki mbili? Ndivyo watu walivyohesabu. Vita ingepita kama mvua inavyopita, kisha kila mtu angerudi na kufungua mlango wake. Mji wa Uvira ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi wa AFDL mwishoni mwa mwezi wa kumi, na hakuna aliyejua kwamba vita ile ingezaa nyingine mwaka 1998. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa siku zile kwa ajili yao katika wilaya ya Kasulu, ipo mpaka leo.

Kuvuka ziwa hili hakukuanza na vita ile. Katika karne ya 19, watu wa Manyema walifika Ujiji, wengine wakiwa wapagazi na askari wa wafanyabiashara, wengine wakiwa watumwa. Wengi hawakurudi, na wajukuu wao ni wenyeji wa Ujiji. Mwaka 1964 na 1965, uasi wa Simba ulipowaka Uvira na Fizi, mitumbwi ilijaa tena. Siku ya anga safi, mtu akisimama Kigoma anaiona milima ya Kongo kwa macho yake. Samaki ni wale wale, na lugha ni Kiswahili pande zote mbili. Ndiyo sababu waliovuka mwaka 1996 hawakujiona kama watu wanaokwenda ugenini. Walikwenda ng'ambo, basi.

Ugeni ulianza pale malori yalipoliacha ziwa nyuma. Nyarugusu iko zaidi ya kilometa 100 kutoka Kigoma, ndani kabisa, kwenye udongo mwekundu na pori la miombo. Mbembe aliyekua akivua ndakala usiku kwa mwanga wa taa alijikuta mahali ambapo maji ni bomba moja na mstari mrefu wa bidoni. Nyavu alizookoa hazikuwa na kazi. Alipewa turubai, nguzo na kiwanja, akaambiwa ajenge. Baadaye turubai zikageuka nyumba za tofali za udongo zenye paa la nyasi, lakini kwa mvuvi ile haikuwa kazi yake, na wapo wazee waliokaa miaka mingi bila kujua waitwe nani pasipo ziwa.

Kisha kulikuwa na chakula. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, mafuta, chumvi, maharage au mbaazi za njano zilizopasuliwa. Asiyetoka Kivu anaweza kuuliza shida iko wapi. Shida ni kwamba mtu wa Fizi anaita bugali kile kilichosongwa kwa unga wa muhogo. Ule wa mahindi aliula, akanawa mikono, akasema bado hajala. Zile mbaazi nazo zilitaka moto, na kuni ziko porini, nje ya mipaka ya kambi, ambako mama alikwenda kwa hofu. Hofu ya mwenye shamba, hofu ya polisi, na hofu ya mwanaume asiyemjua. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mtu awe na kibali kabla ya kutoka kambini. Kwa hiyo safari ya kutafuta kuni ingeweza kuishia mbele ya askari.

Wamama ndio walioanza kutengeneza njia. Mahindi ya mgao yalipelekwa kwa wanavijiji, muhogo ukarudi. Kila badilishano lilikuwa hasara, kwa maana kilo za mahindi zilizotoka zilizidi thamani ya muhogo ulioingia, na mgao ukaisha kabla ya siku yake. Wafanyakazi wa misaada waliona chakula cha bure kikiuzwa. Wamama waliona watoto wakila na kushiba. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi, lakini ile ya wamama ndiyo iliyopikwa.

Lugha, ambayo watu walidhani ni daraja, nayo ilikuwa na mashimo. Mkongomani alipotafuta sombe sokoni, muuzaji alishangaa, kwa maana kwake ile mboga ni kisamvu. Lenga-lenga ni mchicha. Ndakala ni dagaa, bidoni ni dumu, na feza ni hela. Haya yalichekesha. Yaliyouma ni mengine. Kwetu mtoto akimwambia mzee "jambo" amesalimia vizuri. Kule mzee anangoja "shikamoo", na asipoisikia anadhani mtoto hakulelewa. Mzazi aliyemfundisha mwanawe adabu yote ya Kibembe au Kifulero alisikia mwanawe akiitwa asiye na adabu, kwa sababu ya neno moja. Baada ya miaka kadhaa watoto waliizoea shikamoo, wakaanza hata kuwasahihisha wazazi wao nyumbani. Wazazi wengine walicheka, wengine walinyamaza.

Lakini jambo lililogawanya watu zaidi lilikuwa nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na kipande kidogo cha ardhi, mara nyingi hakizidi upana wa mikeka michache. Lenga-lenga hupandwa leo na kuchumwa baada ya wiki chache, kwa hiyo kila mtu aliipanda bila kusita. Ni mboga ya msafiri. Muhogo ni habari nyingine. Majani yake yanangoja miezi, na mizizi yake inataka mwaka, pengine zaidi. Anayechomeka kijiti cha muhogo ardhini anakubali kwamba mwakani atakuwa bado hapo. Wengi walikataa. Mwanaume aliyeona mke wake anapanda muhogo aliweza kumuuliza kwa hasira kama nyumba yao ya Baraka ameshaitupa. Naye mke alikuwa na jibu moja tu, kwamba watoto wanataka sombe.

Msimu ukaja, mwingine ukafuata. Mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999 habari za mauaji ya Makobola zilifika kambini pamoja na wakimbizi wapya, na hesabu ya wiki mbili ikafa kabisa. Leo ukipita kwenye vijiji vya kambi utaona muhogo karibu na nyumba, na hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini ameupanda.

Furaha nazo zilikuwepo, na msikilizaji asidhani ni za kulazimisha. Sombe ya kwanza kutoka bustani ya nyumba, ikiwa na ndakala kidogo na mafuta ya mawese yaliyonunuliwa kwa shida, iliita majirani bila mwaliko. Kwaya za Wakongomani, na magitaa yake, zilisikika kabla hata makanisa hayajapata kuta. Ndoa zilifungwa, mahari ikajadiliwa mpaka usiku kati ya watu wasio na ng'ombe hata mmoja, na deni likaandikwa kwa heshima yote kana kwamba ng'ombe wako malishoni. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995, ilileta habari kwa lugha ambazo mkimbizi anazielewa, na redio moja ilisikilizwa na nyumba tano.

Shule zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, mpaka Mtihani wa Serikali. Mwanzoni ilikuwa sahihi: watu wangerudi, watoto wasipoteze mwaka. Lakini kijana aliyezaliwa kambini alimaliza masomo akiwa na diploma ya Kifaransa mkononi katika nchi ambayo sekondari yake inasomeshwa kwa Kiingereza, na ambako hana ruhusa ya kutafuta kazi nje ya kambi. Diploma ile ilimngoja ng'ambo. Yeye hakuwa na mashua.

Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wengi Baraka kwa hiari. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Waliorudi Fizi walikuta jambo ambalo hawakulitegemea: watoto wao waliitwa Watanzania. Walisema shikamoo, wakachekwa. Waliomba kisamvu, wakachekwa tena.

Wengine walipata njia ya Marekani, hasa baada ya mwaka 2015. Huko walianza tena mwanzo kabisa: theluji, basi la saa kumi alfajiri, na deni la tiketi ya ndege ambalo mkimbizi hulilipa kidogo kidogo baada ya kufika. Sombe ipo hata huko, imegandishwa kama jiwe katika maduka ya Waafrika, na wanaopiga simu Nyarugusu hawaachi kuitaja.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimepita mahojiano, zikaaga majirani, zikagawa sufuria na vitanda, zilibaki pale pale. Sufuria zilirudishwa, nyingine hazikurudishwa. Wakati huo mapigano yalikuwa yamepamba moto upya Kivu, na wapo waliovuka tena. Nyuma ya nyumba zile ambazo wenyewe walikuwa wanangoja ndege, hapakuwa na kitu isipokuwa lenga-lenga. Muhogo wao walikuwa wameukata na kuwagawia jirani vijiti. Mvua zilipokuja, walikwenda kwa jirani wale wale kuviomba.