Ujana wa Bwenini na Watazamaji Waliogawanyika

Mwaka 2016 Richard Linklater, mwongozaji wa Texas, alitoa filamu ya kuchekesha iitwayo Everybody Wants Some!!. Inahusu siku za mwisho kabla ya masomo kuanza katika chuo kimoja cha kubuni cha jimbo hilo, Agosti 1980. Wahakiki wengi waliisifu, lakini wanunuzi wa tiketi waliipita: iligharimu takriban dola milioni 10, na mapato yake ya kumbini hayakurudisha gharama hiyo. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2019, Nitesh Tiwari alitoa Chhichhore nchini India, nayo pia ni ucheshi wa bwenini, uliojaa kumbukumbu za miaka ya 1990. Huko mambo yalikwenda kinyume. Baadhi ya wahakiki waliilaumu kwa mahubiri na kwa namna waigizaji vijana walivyopakwa uzee usioaminika. Watu walizijaza kumbi kwa sifa za mdomo, mapato yakapita rupia bilioni 2, na Machi 2021 ikatangazwa kuwa imetwaa Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya Kihindi.

Wahakiki na wanunuzi wa tiketi walitofautiana, na watazamaji nao hawakukubaliana wao kwa wao. Kwa kila filamu wapo waliotoka ukumbini wakisema wameona ujana wao wenyewe, na wapo waliosema wameona kejeli zilezile za wavulana zikipewa sifa ya utamu kwa sababu tu zimepitwa na wakati. Ni rahisi kusema kundi la pili halina ucheshi, au kwamba la kwanza halina aibu. Mimi naona ugomvi huo una msingi wa haki. Filamu ya kumbukumbu za chuo humwomba mtazamaji akumbuke pamoja nayo, na kila anayekumbuka huanzia pale alipokuwa yeye: kitandani ndani ya bweni, au nje mlangoni akisikia vicheko.

Mapokeo ya Marekani katika aina hii yana mzazi anayejulikana, nayo ni Animal House ya John Landis, iliyotoka 1978. Mmoja wa waandishi wake, Chris Miller, alitumia aliyoyaona katika nyumba ya udugu wa wanafunzi huko Dartmouth. Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 1962, kabla Kennedy hajauawa na kabla vita vya Vietnam havijawameza vijana wa umri ule. Kwa hiyo Wamarekani wa 1978 walikuwa wanacheka huku wakitazama nchi yao ilivyokuwa kabla ya jeraha. Filamu ya bajeti ya dola milioni 3 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 140, na mwaka 2001 ikaingizwa katika hifadhi ya taifa ya filamu. Lakini ni filamu hiyohiyo ambamo mvulana hupanda ngazi kuchungulia wasichana wakivua nguo, na ambamo baa ya watu weusi huwa mahali pa hofu kwa wavulana weupe waliojipeleka wenyewe. Mtazamaji mweusi, au mwanamke, anaambiwa akumbuke enzi nzuri ambayo ndani yake yeye alikuwa kitu cha kuchunguliwa au cha kuogopwa.

Linklater aliirithi aina hiyo na kuitakasa kidogo. Yeye mwenyewe aliwahi kucheza besiboli katika chuo cha Sam Houston State huko Texas, na wachezaji wake hawana ukatili mwingi. Wanashindana kwa kila kitu, na kila usiku hubadili mavazi: leo disko, kesho baa ya muziki wa mashambani, keshokutwa tamasha la panki, kisha sherehe ya wanafunzi wa sanaa. Hakuna mtihani, hakuna mzazi, hakuna funzo. Jake, kijana wa mwaka wa kwanza, anaingia darasani mwishoni na kusinzia.

Walioipenda waliona ujasiri katika hilo, na mimi naafikiana nao. Linklater hadai kwamba siku zile zilikuwa na kusudi kubwa. Anasema zilikuwa na raha, basi. Tena amemweka ndani ya filamu mtu mmoja anayeonyesha bei ya kumbukumbu. Huyo ni Willoughby, mrushaji mpole mwenye ndevu, anayependwa na wenzake wote. Siku moja wanaambiwa ameondoka. Kumbe ana miaka 30, na amekuwa akihama kutoka chuo hadi chuo kwa hati za kughushi ili aendelee kucheza. Wenzake wanashtuka, wanamkumbuka kidogo, kisha maisha yanaendelea. Tukio hilo ni fupi mno, lakini ndilo lenye ukweli wa filamu nzima: kuna anayeipenda enzi kiasi cha kukataa kuiacha, na enzi haimsubiri.

Waliochukizwa nao walikuwa na hoja. Ukimwondoa Beverly, mwanafunzi wa sanaa anayependwa na Jake, wanawake wa filamu ile hupita kama mandhari ya usiku. Aliyekuwa msichana wa chuo mwaka 1980 akiitazama atajiuliza: mimi nilikuwa wapi usiku ule?

Mapokeo ya India hayaruhusu raha ije mikono mitupu. Katika Chhichhore kijana Raghav ameshindwa mtihani wa kuingia vyuo vya teknolojia vya IIT, mtihani unaokimbiliwa na malaki ya vijana kwa nafasi chache, na amejaribu kujiua. Baba yake, Anni, anakaa kando ya kitanda cha hospitali na kumsimulia jinsi yeye na rafiki zake walivyoitwa watu wa kushindwa katika bweni lao. Mtoto hamwamini, kwa hiyo marafiki wanaitwa mmoja mmoja waje kuthibitisha. Tiwari anajua anachosimulia: alisoma uhandisi IIT Bombay, na mashindano ya michezo baina ya mabweni anayoyaonyesha yana asili yake huko.

Tazama alivyoujenga mkasa wenyewe. Ili washinde, kila kijana anaapa kuacha kile anachokipenda kuliko vyote: mlevi anaacha pombe, mvutaji anaacha sigara, mwenye matusi anafunga mdomo, anayemtegemea mama anaacha kumpigia simu, na Anni anakaa mbali na Maya, msichana wake. Ukumbi unacheka kwa sababu kila mmoja anateseka kwa namna yake. Kisha, baada ya mateso yote, wanashindwa. Baba naye anakiri kwamba alimwandalia mwanawe sherehe ya kufaulu, asimwandalie neno hata moja la kushindwa.

Ndiyo maana familia nzima zilikwenda kuitazama. Kwa mzazi wa Kihindi, na kwa mzazi wa Dodoma au Kisumu, mwanafunzi mmoja hubeba ada na matumaini ya ukoo mzima. Kijana wetu wa chuo anayesubiri bumu, yaani fedha za mkopo, anayeogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, anaelewa hofu ya Raghav bila mkalimani. Fasihi yetu wenyewe iliiona hofu hiyo mapema: katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye elimu imemtenga na nyumbani, na mwishowe anajiua. Kezilahabi hakumpa Kazimoto rafiki wa bwenini wa kuja kukaa kando yake. Tiwari anawaleta wote, na tofauti hiyo ina uzito. Sushant Singh Rajput, aliyeigiza Anni na ambaye mwenyewe aliacha chuo cha uhandisi Delhi, alifariki Juni 2020. Tangu hapo ni vigumu kuyasikia maneno yake kwa moyo mwepesi.

Hata hivyo, funzo linaweza kuwa pazia. Vichekesho vya Chhichhore kuhusu wanafunzi wa kike wachache na wavulana wanaowakodolea macho havina umbali mkubwa na ngazi ya Animal House, ila machozi ya hospitali yanatufanya tusamehe haraka. 3 Idiots ya Rajkumar Hirani, ya mwaka 2009, ni mfano mkali zaidi. Ni filamu yenye huruma ya kweli kwa wanafunzi wanaosagwa na mitihani, lakini kicheko chake kikubwa kinatoka katika hotuba ambamo maneno yamebadilishwa kwa siri, sifa za mkuu wa chuo zikawa simulizi ya ubakaji. Ukumbi wa ndani ya filamu unavunjika mbavu, na kumbi nyingi za nje zilifanya vivyo hivyo. Anayeisoma hotuba hiyo, Chatur, amekariri Kihindi asichokielewa, kwa kuwa filamu inatuambia alizaliwa Uganda. Mtazamaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutua hapo. Anayechekwa kwa lafudhi na ugeni wake anatoka upande wetu, na lililogeuzwa mzaha ni mateso ya mwanamke.

Nikipima mapokeo haya mawili, India inashinda kwa jambo moja kubwa: imeipa kumbukumbu msikilizaji. Baba anayemsimulia mgonjwa hawezi kujisifu tu. Lazima afike kwenye kushindwa kwake. Wavulana wa Linklater hawana wa kumjibu. Marekani nayo inashinda kwa unyofu, kwa kuwa haijifichi nyuma ya funzo.

Lakini yote mawili yana pengo lilelile, na mtu wa kulionyesha amesimama wazi ndani ya Chhichhore. Ni Maya. Alisoma chuo hichohicho, ni mama wa Raghav, ameachana na Anni, na yumo hospitalini wakati hadithi inasimuliwa. Hakuna anayemwomba asimulie bweni lake. Je, alicheka na nani? Alishindwa wapi? Alikuwa anahisi nini Anni alipoapa kumkwepa kama vile yeye ni sigara? Wanaozipinga filamu hizi wanauliza swali la Maya, na wanaozipenda hawapotezi kitu kwa kulisikiliza.

Kampasi za Mlimani, Makerere na Nairobi zina hadithi za kutosha, na siku moja tutazitaka ziwe vicheko vya sinema. Waandishi wetu watakapokaa kuziandika, wawaulize kwanza waliochekwa: mgeni wa lafudhi, binti wa mwaka wa kwanza, aliyerudi nyumbani baada ya kudisko. Kicheko kitakachobaki baada ya hao kusimulia ndicho kitakachostahili kuitwa kumbukumbu yetu sote.